Serikali Nne, Moshi Mmoja: Wabelgiji Walivyoibana Flanders Mahakamani

Tarehe 30 Novemba 2023, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliziamuru serikali tatu za Ubelgiji zichukue hatua ili gesi joto zinazotoka katika ardhi ya nchi hiyo zipungue kwa angalau asilimia 55 ifikapo mwaka 2030, kwa kulinganisha na mwaka 1990. Serikali ya nne ilikuwa imeshtakiwa pamoja nazo, ila yenyewe ikaachiwa. Nchi hiyo ni ndogo kiasi kwamba ungeweza kuipanga mara thelathini ndani ya Tanzania. Serikali nne za nini?

Ubelgiji ni shirikisho. Kuna serikali ya shirikisho, na kuna majimbo matatu: Flanders upande wa kaskazini wanakozungumza Kiholanzi, Wallonia upande wa kusini ambako Kifaransa kinatawala, na Brussels, mji mkuu wenye lugha zote mbili. Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi wenye jamaa huko hawahitaji kuelezwa sana. Wanajua barua moja inatoka kwa serikali hii na nyingine kwa ile. Wengine tushike jambo moja tu. Katika mambo yaliyo chini ya jimbo, serikali ya shirikisho haina fimbo. Sheria yake haiko juu ya sheria ya jimbo. Kila mmoja ana shamba lake na mwenzake haingii.

Mgawanyo huo ulianza kuchukua sura miaka ya 1970 na 1980, wakati hakuna waziri yeyote aliyekuwa akikesha kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Mazingira, kilimo, ujenzi wa nyumba, mipango ya ardhi na sehemu kubwa ya nishati vikaenda kwa majimbo. Nyuklia, reli na bahari vikabaki juu. Tabianchi ilipokuja kuwa suala, ilikuta vyumba vyote vimeshagawiwa.

Gari moja, serikali mbili

Chukua mfanyakazi wa Antwerp anayekwenda kazini kila siku kwa gari. Gari lenyewe huenda amepewa na kampuni kama sehemu ya mshahara, utaratibu ulioenea sana Ubelgiji kwa sababu kodi inaupendelea. Kodi hiyo ni ya serikali ya shirikisho. Ushuru wa mafuta, shirikisho pia. Lakini barabara anayopita ni ya jimbo, kodi ya kusajili gari ni ya jimbo, na basi ambalo angeweza kupanda ni la kampuni ya jimbo. Treni? Shirikisho. Nyumba yake inajengwa kwa kibali na viwango vya jimbo, ila kodi ya ongezeko la thamani ya vifaa vya ujenzi inapangwa na shirikisho. Hata upepo umekatwa vipande: mtambo ukisimama baharini ni wa shirikisho, ukisimama shambani ni wa jimbo.

Hivyo waziri wa Flanders akiulizwa kwa nini magari ni mengi, anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba kodi si yake. Waziri wa shirikisho naye akiulizwa kwa nini watu hawapandi mabasi, anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba mabasi si yake. Kila jibu ni la kweli na moshi unaendelea kupanda. Kisa hiki sikioni kuwa kisa cha wanasiasa waongo. Ni kisa cha watu waliokuwa na ukweli wa kujifichia, na huo ni mgumu zaidi kuushinda.

Ili kuwaunganisha, makubaliano ya mwaka 2002 yaliunda Tume ya Taifa ya Tabianchi, ambamo pande zote nne hukaa na kuamua kwa maafikiano. Mmoja akikataa, hakuna uamuzi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa chombo hakikwenda mrama, hakikwenda kabisa. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliipangia Ubelgiji ipunguze kwa asilimia 15, kati ya 2005 na 2020, gesi joto za sekta zisizoingia katika soko la Ulaya la vibali vya hewa ukaa, ambako viwanda vikubwa hununua haki ya kutoa moshi. Sekta hizo ni usafiri, majengo, kilimo, taka. Kilichobaki ilikuwa kugawana mzigo huo ndani ya nchi, nani abebe kiasi gani. Walielewana tarehe 4 Desemba 2015, wakati mkutano wa dunia wa Paris umeshaanza na mawaziri wa nchi nyingine wako ukumbini. Makubaliano rasmi yalitiwa saini mwaka 2018. Kipindi walichokuwa wakikigawana kilikuwa cha 2013 hadi 2020.

Kati ya majimbo hayo, uzito uko Flanders. Ndiko inakoishi zaidi ya nusu ya watu wa nchi, na ndiko inakotoka takriban theluthi mbili ya gesi joto zake. Bandari ya Antwerp ni ya pili kwa ukubwa Ulaya, na viwanda vya kemikali vilivyoizunguka ni kundi kubwa kuliko yote barani humo. Tena kwa miongo mingi watu wa Flanders wamejenga kwa kufuata barabara, nyumba baada ya nyumba, kijiji hakijaisha kingine kimeanza. Ukishajenga hivyo, basi la abiria halipati abiria wa kutosha kituoni, na bomba la kupasha joto nyumba nyingi kwa pamoja linakuwa ghali kupita kiasi. Yeyote anayetaka Ubelgiji ibadilike lazima apite Flanders.

Barua ya Desemba 2014

Watu 11 walianzisha shirika walilolipa jina Klimaatzaak, yaani kesi ya tabianchi. Hawakuwa wanaharakati wa kazi. Serge de Gheldere ni mhandisi na mfanyabiashara. Nic Balthazar ni mwongozaji wa filamu. Francesca Vanthielen na Tom Lenaerts ni sura zinazojulikana katika televisheni ya Flanders. Hilo lilikuwa na maana yake, maana lilifanya iwe vigumu kuwapuuza kama kikundi cha pembeni. Mfano wao ulikuwa nchi jirani. Uholanzi, shirika la Urgenda pamoja na raia 886 walikuwa wameishtaki serikali yao, na Juni 2015 wakashinda katika ngazi ya kwanza. Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilikuja kuuthibitisha ushindi huo Desemba 2019.

Lakini Urgenda walikuwa na mdaiwa mmoja. Wabelgiji walikuwa na wanne, na hapa ndipo ninapoona akili ya kisa kizima. Desemba 2014 waliziandikia serikali zote nne kwa pamoja. Mazungumzo yaliyofuata hayakuzaa kitu, na Aprili 2015 wakazishtaki zote nne, katika shauri moja, mbele ya mahakama moja.

Fikiria wangechagua njia rahisi. Kuishtaki Flanders peke yake, kwa kuwa ndiyo yenye moshi mwingi? Flanders ingejibu kwamba lengo la taifa si lake, na kwamba kodi ya magari na reli haziko mikononi mwake. Kuishtaki serikali ya shirikisho peke yake, kwa kuwa ndiyo inayosaini mikataba ya kimataifa? Ingejibu kwamba katiba haiiruhusu kuyagusa mambo ya majimbo. Zikikaa nne kwenye benchi moja, kila anayesema “si mimi” anamnyooshea kidole aliyekaa pembeni yake, na hakimu anawaona wote.

Msingi wa madai ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni kifungu cha 1382 cha sheria ya kiraia ya zamani, kile kinachomtaka mtu aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake afidie. Ni kifungu ambacho kila mwanafunzi wa sheria Ubelgiji anakijua kwa moyo, kinachotumika hata magari yakigongana. Wa pili ni vifungu vya 2 na 8 vya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu: haki ya kuishi, na haki ya kuheshimiwa maisha binafsi na ya familia. Waliomba mahakama iseme kwamba serikali zimekosea, kisha iziamuru zipunguze kwa asilimia 42 hadi 48 ifikapo 2025, na 55 hadi 65 ifikapo 2030, zikichelewa zilipe faini. Raia wakaanza kujiunga kama wadai, mmoja mmoja kwa jina lake, hadi wakazidi 58,000. Hata miti 82 ililetwa mahakamani iingie kama mdai. Mahakama ilisema, kama ilivyotarajiwa, kwamba mti si mtu mbele ya sheria. Binafsi naona kipande hicho cha miti kilikuwa cha magazeti zaidi kuliko cha mahakama, ingawa magazeti nayo yana kazi yake.

Miaka mitatu juu ya lugha

Kabla hakimu hajasikia lolote kuhusu hewa ukaa, Flanders iliinua mkono. Shauri lilifunguliwa Brussels kwa Kifaransa. Flanders ikasema yenyewe ni serikali ya jimbo la Kiholanzi, haiwezi kushtakiwa kwa lugha hiyo. Sheria ya Ubelgiji ya lugha mahakamani ni ya mwaka 1935, na nyuma yake kuna karne ya machungu ya kweli, ya watu waliohukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Kwa hiyo hoja yenyewe si ya kuchekwa. Ila waanzilishi wa Klimaatzaak wanaojulikana zaidi ni watu wa Flanders, na serikali ile haikukosa mawakili wanaojua Kifaransa.

Suala hilo lilipanda hadi Mahakama ya Cassation, ya juu kabisa katika mashauri ya kiraia, na Flanders ikashindwa Aprili 2018. Miaka mitatu ilikuwa imekwisha. Katika madai ya deni au mpaka wa shamba, kuchelewa kunamchosha mdai, basi. Katika madai ya gesi joto, kuchelewa ndiko hasa kinachoshtakiwa, kwa sababu tani iliyotolewa 2016 inabaki hewani wakati mawakili wanabishana. Lengo la 2020 lilikuwa linakaribia bila hakimu kuligusa, na hakuna serikali iliyolazimika kusema wazi kwamba inapinga hatua za tabianchi.

Alhamisi za wanafunzi

Wakati faili linatembea polepole, barabara ziliwaka. Tarehe 2 Desemba 2018 watu wapatao 65,000 waliandamana Brussels. Siku mbili baadaye Ubelgiji ilipiga kura ya kupinga sheria ya Ulaya ya matumizi bora ya nishati, na waandamanaji walielewa wamejibiwa. Januari 2019 wanafunzi wa sekondari, wakiongozwa na vijana wawili wa Flanders, Anuna De Wever na Kyra Gantois, walianza kuacha masomo kila Alhamisi. Wiki ya kwanza walikuwa kama 3,000. Wiki ya pili zaidi ya 12,000. Wiki ya tatu 35,000.

Waziri wa mazingira wa Flanders wakati huo alikuwa Joke Schauvliege. Mwanzoni mwa Februari, akizungumza mbele ya wakulima, alisema maandamano yale yana watu wanaoyapanga kwa nyuma, na kwamba idara ya usalama wa taifa ilimthibitishia hivyo. Idara ikakanusha. Tarehe 5 Februari 2019 alijiuzulu.

Ukitaka hadithi tamu ungeishia hapo, waziri kang’olewa na watoto wa shule. Lakini mwezi Mei mwaka huohuo Flanders ilipiga kura. Chama cha kijani kilipata kama asilimia 10 ya kura za bunge la jimbo. Vlaams Belang, chama cha mrengo mkali wa kulia ambacho hakina haja na habari hizi, kilipata zaidi ya asilimia 18 na kuwa cha pili. Wa kijani waliongezeka Brussels na Wallonia, siyo pale palipokuwa na moshi. Kabla ya hapo, mwezi Machi, jaribio la kurekebisha kifungu cha 7bis cha katiba, ili ipatikane sheria moja ya tabianchi inayozifunga serikali zote nne, lilikwama bungeni kwa kukosa theluthi mbili.

Napenda kukaa kidogo juu ya jambo hili kwa sababu watetezi wa mazingira hulipita haraka. Serikali iliyoundwa Flanders baada ya uchaguzi ule haikuwa na sababu ya kisiasa ya kukaza sera. Wapigakura wake walikuwa wameongea. Kwa hiyo unapofika kwenye hukumu za mahakama, swali la nani kampa hakimu mamlaka ya kuiamuru serikali iliyochaguliwa haliulizwi na wapinzani wa tabianchi peke yao. Ni swali halali.

Hukumu mbili

Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 17 Juni 2021. Mahakama ya mwanzo ya Brussels ilisema serikali zote nne hazikutenda kama mamlaka yenye busara na uangalifu ingetenda, na zimevunja haki za binadamu. Ikaongeza jambo ambalo wadai walikuwa wakilisubiri kwa miaka sita: mfumo wa shirikisho si kisingizio. Kila serikali ina kosa lake peke yake, na zina kosa la pamoja. Ila mahakama haikuweka namba yoyote. Ilisema kuamua asilimia ni kazi ya bunge na serikali, na hakimu hapaswi kuvuka mpaka huo.

Wadai walishinda wakaondoka mikono mitupu. Serikali ya Flanders iliona haijalazimishwa lolote, na kwa maana ya kisheria ilikuwa sahihi. Mwezi mmoja haukupita, mvua kubwa ya tarehe 14 na 15 Julai ikafurisha mto Vesdre na mito mingine ya Wallonia. Watu 39 walikufa nchini humo, wengi wao katika miji na vijiji vya mkoa wa Liège kama Pepinster na Verviers.

Novemba 2021 Flanders ilitoa mpango mpya. Lengo lake katika sekta zilizo nje ya soko la vibali lilipanda kutoka asilimia 35 hadi 40 ifikapo 2030, kwa kulinganisha na 2005. Nyumba mpya zingeacha kuunganishwa na gesi, na magari mapya yanayotumia mafuta yangefikia mwisho wake. Hatua zilikuwa za kweli. Lakini Umoja wa Ulaya ulikuwa unaipangia Ubelgiji nzima asilimia 47 katika sekta hizohizo, na jimbo lenye theluthi mbili ya moshi likibaki kwenye 40, hesabu haifungi. Zuhal Demir, waziri wa mazingira wa Flanders wakati huo, alishikilia kwamba zaidi ya hapo Flanders haiwezi.

Wadai walikata rufaa mwezi huohuo. Mahakama ya Rufaa ilisikiliza kwa wiki kadhaa, Septemba na Oktoba 2023, kisha ikafanya kile ambacho ya kwanza iliogopa. Iliweka namba. Na namna ilivyoepuka mtego wa mgawanyo wa madaraka inafaa kusomwa taratibu. Haikusema asilimia 55 ndiyo sera bora. Ilisema sayansi iliyokubaliwa na serikali zenyewe katika mikutano ya kimataifa, pamoja na lengo ambalo Umoja wa Ulaya umelipitisha, vinaonyesha kiwango cha chini kabisa ambacho mtu mwangalifu hawezi kushuka chini yake. Serikali zina uhuru wa kuchagua njia: kodi, mabasi, viwango vya ujenzi, chochote. Zina uhuru wa kwenda mbali zaidi. Hazina uhuru wa kubaki chini ya sakafu hiyo.

Hakimu hapo hakuchukua kiti cha waziri. Alimshika waziri kwa ahadi na takwimu ambazo waziri mwenyewe, au waliomtangulia, walizitia saini. Wadai wa Brussels hawakuhitaji kumfundisha hakimu sayansi mpya, walihitaji kumwekea mezani karatasi za serikali yenyewe.

Wallonia ilivyopona

Mdaiwa aliyeachiwa alikuwa Wallonia. Mahakama ilitazama mwenendo wa takwimu zake, ikatazama pia kwamba tangu Februari 2014 ilikuwa na sheria yake ya tabianchi yenye malengo ya 2020 na 2050, ikaona haikushuka chini ya kiwango.

Kwa haki, lazima isemwe sehemu kubwa ya sababu. Bonde la Liège na Charleroi lilikuwa nchi ya chuma. Tanuru za huko zilizimwa moja baada ya nyingine, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Zilipozimwa, takwimu za gesi joto zikaporomoka. Wallonia ilipunguza moshi kwa sera, ndiyo, lakini kwanza kwa msiba. Mtu wa Flanders anayesema “mnatuadhibu kwa sababu viwanda vyetu bado vinafanya kazi” ana hoja, na sioni kama hukumu iliijibu kikamilifu. Chuma kilichokuwa kikiyeyushwa Liège kilihamia kwingine, na kwingine huko nako kuna hewa.

Hoja nyingine za Flanders ni dhaifu zaidi. Kwamba jimbo la watu wasiofikia milioni saba haliwezi kubadili tabianchi ya dunia: mahakama ya Uholanzi ilishaikataa hoja hiyo katika kesi ya Urgenda, kwa sababu kila nchi ikiitumia hakuna atakayefanya kitu. Kwamba viwanda vikubwa viko chini ya soko la vibali la Ulaya na jimbo halihusiki: lakini jimbo ndilo linalotoa vibali vya mazingira kwa viwanda hivyohivyo, pale Antwerp.

Ujerumani, kwa kulinganisha, raia walishindwa. Machi 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliikosoa sheria ya tabianchi ya shirikisho, na uamuzi huo ukashangiliwa duniani. Vijana wakajaribu kuyashtaki majimbo kadhaa kwa msingi huohuo. Januari 2022 mahakama ileile ikayakataa malalamiko yao: katiba na sheria hazijalipangia jimbo lolote bajeti yake ya gesi joto, kwa hiyo huwezi kusema limeivuka. Huo ndio mlango ambao majimbo ya Ubelgiji nayo yangepita kama wangeshtakiwa mmoja mmoja. Tofauti ni kwamba Ujerumani ina serikali ya shirikisho inayoweza kuweka lengo na kulisimamia, ila Ubelgiji haina mtu wa namna hiyo, na mahakama ya Brussels iliona kwamba ukiyaachia majimbo, umeachia nchi nzima.

Kilichobaki kwenye faili

Flanders haikukubali. Ililipeleka shauri tena Mahakama ya Cassation, safari hii juu ya kiini chenyewe. Kwa kawaida rufaa ya namna hiyo katika mashauri ya kiraia haisimamishi hukumu, hivyo amri iliendelea kuwa na nguvu. Aprili 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya wanawake wazee wa Uswisi, ilisema kwamba kifungu cha 8 kinaitaka nchi iwe na mfumo unaofanya kazi wa kupunguza gesi joto, na hapo moja ya nguzo za hukumu ya Brussels ikaimarika. Uchaguzi wa Juni 2024 haukuibadilisha Flanders mwelekeo. N-VA, chama cha wazalendo wa Flanders, kilibaki kileleni, na baadaye kiongozi wake Bart De Wever akawa waziri mkuu wa nchi nzima.

Udhaifu mkubwa wa hukumu uko mahali penye ushindi wake. Asilimia 55 ni ya Ubelgiji yote. Mahakama iliziambia serikali tatu zichukue hatua baada ya kushauriana na Wallonia, lakini haikusema Flanders ibebe ngapi na Brussels ngapi. Kugawana kulirudishwa kwenye meza ileile ambayo ilichukua miaka sita kugawana asilimia 15. Sidhani hakimu angeweza kufanya vinginevyo. Angeanza kupanga mgawo wa majimbo, angekuwa kweli amekaa kwenye kiti cha waziri. Lakini anayedhani kutupiana mpira kumekwisha Ubelgiji hajaisoma hukumu hadi mwisho.

Kuna na suala la vipimo. Mpango wa Flanders unahesabu kuanzia 2005 na kuacha nje viwanda vilivyo sokoni. Mahakama inahesabu kuanzia 1990 na kujumlisha vyote. Waziri anaweza kusimama mbele ya kamera akasema jimbo liko njiani, na mdai akasimama dakika tano baadaye akasema liko nyuma, na kila mmoja akawa na karatasi sahihi mkononi. Ubelgiji nzima, kwa kipimo cha mahakama, ilikuwa imepunguza takriban robo tu kufikia mwaka 2021.

Faini nayo iliahirishwa. Wadai walitaka euro milioni moja kwa kila mwezi wa kuchelewa. Mahakama ya Rufaa haikukataa wala kukubali. Ilisema itaamua baada ya kupata takwimu rasmi za miaka 2022 hadi 2024, na pande zote zirudi mbele yake. Takwimu rasmi za gesi joto za nchi za Ulaya hutoka kama miaka miwili baada ya mwaka unaohusika, kwa hiyo za 2024 ni za kusomwa 2026, na muda wa kufikia asilimia 55 unakwisha 2030.